Kuiona Damu Ipitayo Ubongoni

Habari zimeenea mijini na mashambani ya kwamba siku hizi madaktari waweza kuutibu ubongo wa mtu pasipo kulifungua fuvu lake. Wako waisimuliao habari hii kama muujiza, na wako waisimuliao kama ufundi wa mkono tu: mrija mwembamba kama bua la mpunga hutiwa katika mshipa wa pajani, ukasukumwa polepole hata ukafika kichwani, basi mgonjwa akapona. Sisi twaona masimulizi yote mawili yameliacha jambo lililo kubwa. Daktari apitishaye mrija huo haoni ubongo kwa macho yake, wala haoni mrija wenyewe ukiisha kuingia mwilini. Amesimama kando ya kitanda, na kichwa cha mgonjwa kimefunikwa na ngozi na mfupa kama siku zote. Aonacho ni picha ya damu inayopita, katika kioo kilicho mbele yake. Picha hiyo ikikosekana, mkono ulio hodari kuliko yote hauna kazi pale, na ukijaribu kufanya kazi utaua.

Kwa hiyo makala yetu ya leo si ya mrija. Ni ya picha: ilikotoka, iliwagharimu nini waliotangulia, inaonyesha nini hasa, na kwa nini ilipopuuzwa watu wenye elimu kubwa walishindwa mbele ya dunia nzima.

Twaliandika jambo hili katika ukurasa usomwao na wafanyakazi kwa sababu iliyo wazi. Ugonjwa uliofaidika mno na matibabu haya ni kiharusi, na kiharusi si ugonjwa wa matajiri wa Ulaya kama ilivyodhaniwa zamani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi katika sehemu mbili za Tanzania, yaani wilaya ya Hai huko Kilimanjaro, na sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Hesabu ile, baada ya kusawazishwa kwa umri ili ilinganishwe na ya nchi nyingine, ilitoka 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na 315.9 kule Dar es Salaam. Ya Hai ilikuwa sawa na ya nchi zilizoendelea. Ya Dar es Salaam ilizipita nyingi kati ya hizo. Watu hao ni nani? Ni dereva wa lori, ni karani, ni kuli wa bandarini, ni mama auzaye samaki Feri. Mtu ametoka nyumbani mzima, na jioni analetwa amebebwa, mkono mmoja unaning'inia, na watoto wake wanamsemesha hajibu. Akipona, nyumba imepona. Asipopona, ada za shule, kodi ya chumba na chakula cha wazee kijijini vyote vimelala kitandani pamoja naye.

Kwanza yafaa tuieleze kiu ya ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili. Lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tuvutayo. Tena hauna ghala. Msuli waweza kufanya kazi kitambo kwa akiba yake, bali ubongo hula kilichokuja sasa hivi. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na mililita 50 hivi za damu kwa dakika. Damu hiyo ikipungua chini ya 20 hivi, chembe za ubongo huacha kazi: mkono hulegea, mdomo huenda upande, maneno hupotea. Lakini chembe hizo hazijafa bado. Ikishuka chini ya 10 huanza kufa, na chembe ya ubongo iliyokufa haifufuki.

Kati ya namba hizo mbili ndimo lilimo shauri zima. Wale waijuao mifereji ya Wachaga huko Hai wataelewa upesi. Maji yakizibwa juu mlimani, mashamba yaliyo mwisho wa mfereji hunyauka. Ukiyatazama jioni kwa mbali utaona mahindi yote yamekunja majani, wala huwezi kulitambua shamba lililokwisha kufa na lile lingojalo maji. La kwanza hata ukilifungulia mto mzima ni bure. La pili likipata maji usiku huu, kesho limeinuka. Sehemu ya ubongo iliyonyamaza bila kufa madaktari huiita nusu-kivuli, kwa mfano wa kile kivuli hafifu kinachoonekana jua lipatwapo. Mshipa mkubwa ukizibwa, nusu-kivuli hiyo hupungua kila dakika. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani alikadiria ya kuwa katika kiharusi cha namna hiyo kisichotibiwa mtu hupoteza chembe milioni 1.9 kwa dakika moja. Nani basi atakayetambua, naye yuko nje ya fuvu, wapi pamekufa na wapi pangali pakingoja?

Wilhelm Röntgen alipovumbua eksirei mwaka 1895, mifupa ilionekana, lakini ubongo haukuonekana. Mbele ya mwale ule damu na nyama ni karibu kitu kimoja. Ili damu ionekane hapana budi itiwe kitu kizito cha kuuzuia mwale, nacho kitu hicho kisimwue mgonjwa. Hilo ndilo lililomshughulisha Egas Moniz wa Lisbon, nchini Ureno.

Moniz hakuwa kijana wa maabara. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu aliyekwisha kuwa mbunge, na waziri wa mambo ya nje wa nchi yake mwaka 1918, na mkuu wa ujumbe wa Ureno katika mkutano wa amani wa Paris. Alipoanza kazi hii alikuwa amepita miaka hamsini, na vidole vyake vilikuwa vimeharibiwa na jongo hata hakuweza kushika sindano vema. Kazi ya mkono ilifanywa na msaidizi wake, Almeida Lima. Walijaribu kwanza chumvi ya strontiamu na bromini. Mgonjwa mmoja akafa. Wakaiacha chumvi hiyo, wakashika ya iodini, na tarehe 28 Juni 1927 mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana katika picha kwa mara ya kwanza, ikitawanyika kama matawi ya mti.

Hatupendi kuwasimulia wasomaji wetu habari za mashujaa wasio na doa, kwa kuwa hawako. Miaka michache baadaye Moniz na wengine walihamia dawa nyingine yenye thoriamu, iliyotoa picha safi na isiyomsumbua mgonjwa. Dawa hiyo ilipendwa sana ulimwenguni. Kumbe ilikuwa na mionzi, na mwili haukuweza kuitoa; ilikaa katika ini miaka ishirini, thelathini, hata saratani ikazuka kwa wengi. Tena ile tuzo ya Nobel aliyopewa Moniz mwaka 1949 hakupewa kwa ajili ya picha zake. Alipewa kwa kukata nyuzi za ubongo wa watu wenye maradhi ya akili, kazi ambayo dunia imekwisha kuitupa, na wengine wanaona haya kuitaja.

Kwa miaka mingi dawa ilitiwa kwa kumdunga mgonjwa shingoni. Mwaka 1953 daktari wa Uswidi, Sven Ivar Seldinger, alionyesha njia iliyo nyepesi hata mtu hushangaa kwa nini haikuonekana mapema: dunga mshipa kwa sindano, pitisha waya ndani ya sindano, toa sindano, kisha uvike mrija juu ya waya. Mlango wa pajani ukafunguliwa, na mpaka leo ndio uo huo, ijapokuwa siku hizi wako wapitiao penye kifundo cha mkono.

Hapa yatupasa kusimama kidogo katika bara letu wenyewe. Mwaka 1956 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alitakiwa kusaidia sehemu ya juma katika hospitali ya Groote Schuur, kwa kuwa sheria ilitaka mtu wa fizikia asimamie vitu vyenye mionzi. Akiwa pale akajiuliza: mwale ukipitishwa mwilini kwa pembe nyingi, je, haiwezekani kwa hesabu kukijua kilichomo ndani, kipande kwa kipande? Akaifanya hesabu hiyo, akaichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hapana aliyemjali. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, akalifikia jambo lilo hilo kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wote wawili walitunukiwa Nobel mwaka 1979. Hiyo ndiyo mashine tuiitayo CT. Siku hizi, dawa ya iodini ikitiwa na picha zikapigwa mfululizo, mashine hiyo hupima damu imefika wapi, kwa wingi gani, na imechelewa sekunde ngapi, ikachora kwa rangi mbalimbali mahali pa mauti na mahali pa nusu-kivuli. Wazo lililomjia mtu wa Cape Town katika siku zake za kuazimwa hospitali limo ndani ya kila picha hizo.

Lakini kuona ni jambo moja, na kuutumia mlango wa kuonea ili kutibu ni jambo jingine. Husimuliwa ya kwamba Fedor Serbinenko, daktari wa Moscow, alipokuwa akitazama sherehe za Mei Mosi mwaka 1959 katika Uwanja Mwekundu, aliwaona watoto wakiyaongoza maputo kwa nyuzi. Akafikiri: kama puto laongozwa hewani kwa uzi, kwa nini lisiongozwe katika mkondo wa damu? Akaunda maputo madogo mno, akayapeleka ndani ya mishipa ya ubongo, akayaacha humo yaizibe mishipa iliyoharibika. Makala yake ilichapishwa Marekani mwaka 1974, na madaktari wa huko walishangaa kuona jinsi alivyokuwa amefika mbali. Wale ndugu wanaonung'unika ya kuwa maandamano ya Mei Mosi ni kupoteza siku ya kazi, wana jambo la kufikiri hapa.

Baada yake alikuja Guido Guglielmi, Mwitalia aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles. Mwaka 1990 alianza kuwatibu watu wenye kifuko cha mshipa, yaani mahali mshipa wa ubongo ulipovimba kama mpira wa baiskeli uliochoka, kwa kukijaza nyuzi laini za platini zilizojikunja ndani yake, kisha zikaachanishwa na waya kwa umeme kidogo. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikwisha kupasuka. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliotibiwa kwa nyuzi, 23.7 walikuwa wamekufa au wakitegemea wengine. Katika waliofunguliwa fuvu, 30.6.

Sasa tuingie chumbani. Mgonjwa amelala juu ya kitanda chembamba, na kichwa chake kimezungukwa na mikono miwili ya chuma yenye umbo la herufi C, mmoja wa mbele na mmoja wa ubavuni. Kabla ya dawa kutiwa, mashine hupiga picha ya kichwa jinsi kilivyo na kuihifadhi. Kisha dawa hutiwa katika mrija, na picha hufuatana, kadhaa katika sekunde moja. Mashine huiondoa ile picha ya kwanza katika kila moja ya zile za baadaye, kama karani aondoavyo gharama katika mapato, na kinachobaki ni damu peke yake. Mfupa umetoweka. Wazo hilo ni la Mholanzi mmoja, Ziedses des Plantes, aliyelifanya kwa filamu katika miaka ya 1930 kwa kazi ndefu ya chumba cha giza. Kompyuta zimelifanya liwe la papo hapo.

Aliyezoea huzisoma picha hizo kama nahodha asomavyo maji. Kwanza hujaa mishipa mikubwa. Halafu ubongo wote hutanda ukungu mwepesi, ndiyo damu imo katika mishipa midogo kama unywele. Halafu hujaa mishipa ya kuirudisha damu moyoni, na mambo yote yamekwisha kwa sekunde chache. Palipozibwa, mto hukoma ghafula kama barabara iliyokatwa na mafuriko. Daktari mwenye haraka hutazama hapo tu. Mwenye subira hungoja. Sekunde mbili tatu baadaye huenda akaiona damu ikiingia katika sehemu ile ile kinyumenyume, ikipitia vijito vya pembeni vilivyo juu ya uso wa ubongo. Vijito hivyo ndivyo vilivyoiweka hai nusu-kivuli wakati mlango mkubwa umefungwa. Mwenye vijito vingi ana saa nyingi. Mwenye vichache ana dakika. Watu wawili walioanguka wakati mmoja, kwa mshipa ule ule uliozibwa mahali pale pale, hawana muda sawa, na hapana saa ya ukutani iwezayo kuwatofautisha. Picha ya damu yaweza.

Kisha picha hugandishwa katika kioo ikawa ramani, na waya husogezwa juu yake. Donge la damu hunaswa kwa wavu mdogo wa chuma, au huvutwa kwa pampu kupitia mrija wenyewe. Likiisha kutoka wengi hushangilia, na twafahamu furaha yao. Lakini donge lililo sahanini si ushahidi. Huenda kipande kimekatika kikaenda mbele kuziba tawi jingine. Kwa hiyo dawa hutiwa tena, na wote huinua macho. Kuna kipimo kianzacho 0, damu haipiti kabisa, mpaka 3, imerudi kote. Hiyo ndiyo hukumu ya kazi yote iliyofanyika, nayo hutolewa mgonjwa angali mezani, wakati ambapo kosa laweza kurekebishwa. Ni kazi chache sana za binadamu zenye ukaguzi wa haraka namna hiyo.

Tulisema hapo juu ya kwamba watu wenye elimu walishindwa. Ilikuwa mwaka 2013. Majaribio matatu makubwa yalitangazwa kwa pamoja, na yote matatu yakasema mamoja: kulitoa donge kwa mrija hakumfai mgonjwa kuliko matibabu ya kawaida. Wakawako waliosema kazi hiyo ifungwe. Walipochunguza wakaona sababu kadhaa. Vyombo vilivyotumika, vingi vilikuwa vya kale, wagonjwa walicheleweshwa, na katika sehemu ya majaribio hayo wagonjwa waliingizwa bila kwanza kupigwa picha ya kuthibitisha ya kwamba mshipa mkubwa umezibwa. Maana yake ni hii: kwa baadhi ya wagonjwa mrija ulipelekwa kulitafuta donge ambalo halikuwako. Sisi si madaktari, lakini hata seremala hapasui ukuta kutafuta bomba asilojua kama lilipita hapo.

Waholanzi hawakuifunga kazi. Hospitali 16 za nchi yao ziliwaandikisha wagonjwa 500, na sharti lilikuwa moja kwa wote: picha ionyeshe kwanza mshipa ulipozibwa. Jaribio hilo, liitwalo MR CLEAN, lilichapishwa kwa toleo la Januari 2015. Katika kila 100 waliotolewa donge, 32.6 walirudi kujitegemea baada ya miezi mitatu. Katika waliopata matibabu ya kawaida peke yake, 19.1. Mwaka uo huo majaribio mengine manne, ya nchi mbalimbali, yakatoa ushahidi ule ule, na yote matano yalipokusanywa mwaka 2016, yakiwa na wagonjwa 1,287, hesabu ilikuwa 46 kwa 26.5. Ni kweli nyavu zilikuwa mpya na bora, wala hatutaki kuwanyima mafundi wake sifa. Lakini mtu atakayedhani ni nyavu tu zilizobadilika kati ya 2013 na 2015, hakuisoma habari hii mpaka mwisho.

Na mwisho wake haukuwa mbali. Mpaka hapo kazi ilikuwa ikifuata saa: walio wengi walitibiwa ndani ya saa 6 tangu kuanguka, na aliyechelewa aliambiwa pole. Mwaka 2018 majaribio mawili yaliacha kuiuliza saa, yakauliza picha. DAWN liliwachukua wagonjwa 206 waliokwisha kupita saa 6 mpaka saa 24, lakini picha zao zilionyesha ya kuwa sehemu iliyokufa ni ndogo kuliko ilivyotazamiwa kwa jinsi walivyopooza. Waliotolewa donge, 49 katika 100 walirudi kujitegemea, wasiotolewa, 13. DEFUSE 3, la wagonjwa 182 kutoka saa 6 mpaka 16, lilitoa 45 kwa 17. Tuzitazame namba hizo kwa utulivu. Watu hawa mwaka mmoja tu kabla ya hapo wangaliambiwa wamechelewa. Walikuwa wale mahindi wa jioni, waliokunja majani wala hawajakauka, na hapana aliyekuwa akienda kuwatazama.

Wala tusimfanye msomaji aamini ya kwamba kila kiharusi hutibiwa hivi. Vingine ni vya mshipa kupasuka, na katika vile vya kuzibwa ni sehemu tu ambayo mshipa wake ni mkubwa wa kufikiwa na mrija. Mrija wenyewe waweza kuutoboa mshipa. Dawa ya iodini huwadhuru wengine figo. Mionzi huwapata wafanyakazi wa chumba kile kila siku, ndiyo maana husimama saa nyingi wamevaa aproni za risasi zinazowaumiza migongo. Na kidonge cha shinikizo la damu, kinachomezwa kila siku na mtu asiyejisikia mgonjwa, huwaepusha na chumba hicho watu wengi kuliko wale watakaotibiwa humo.

Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, kipo chumba cha namna hii, na madaktari wetu huitibu humo mishipa ya ubongo bila kufungua fuvu. Twalisema hilo kwa fahari. Lakini mtu aliyeanguka Kasulu yuko zaidi ya kilomita 1,000 na chumba hicho, na hata zile saa 24 za DAWN hazimbakizii kitu akija kwa basi. Tena DAWN halikumpa saa 24 kila mtu; liliwapa wale ambao picha iliwasemea. Kwa hiyo twadhani rai ya kununua vyumba vingi vya mrija kabla ya kuyaangalia macho ya mikoani yafaa kufikiriwa tena. Mashine ya CT iliyo nzima mkoani, yenye fundi wa picha usiku na mchana, yenye dawa ya iodini isiyokwisha katikati ya mwezi, na simu ya kuipeleka picha hiyo kwa aliye Dar es Salaam aisome wakati huo huo, ndiyo itakayoamua nani asafirishwe kwa ndege na nani atibiwe palipo karibu. Chuma bila fundi hakioni. Kiharusi nacho hakifuati saa za ofisi.

Liko jicho jingine la bei nafuu ambalo halina budi kutajwa. Mwaka 1982 Rune Aaslid alionyesha ya kuwa sauti isiyosikika kwa sikio, ikielekezwa penye paji la kando ambapo mfupa ni mwembamba, huweza kupima mwendo wa damu ndani ya ubongo, bila mionzi na bila sindano. Chombo chake huchukulika kwa mkono. Mwaka 1998 ilithibitishwa huko Marekani ya kwamba mtoto mwenye selimundu ambaye damu yake ubongoni yaenda sentimeta 200 kwa sekunde au zaidi yuko karibu na kiharusi, na akiongezewa damu kwa utaratibu hatari hiyo hupungua mno. Kwa nchi zetu, zenye watoto wengi wa ugonjwa huo, chombo hicho kidogo chastahili heshima ile ile tunayoipa mikono ya chuma.

Limebaki jambo moja, nalo halimo mikononi mwa madaktari. Mdomo ukienda upande ghafula, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali wakati ule ule, si baada ya kumkanda mafuta wala baada ya kuuliza nani kamtupia upepo. Na huko jamaa wataulizwa swali ambalo majibu yake huongoza picha gani ipigwe: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Si saa alipookotwa. Aliyelala mzima saa nne usiku, akaamka amepooza saa kumi na mbili asubuhi, huhesabiwa tangu saa nne. Tena sisi huhesabu saa kwa kuchomoza na kuchwa jua, ilhali fomu za hospitali nyingi hufuata hesabu ya Kizungu, na "saa mbili" iliyosemwa na mama mwenye hofu yaweza kuandikwa kuwa saa nane. Hizo ni saa 6 zilizopotea kwa neno moja. Basi na aseme saa mbili ya asubuhi au ya usiku, na aongeze alama isiyo na shaka: baada ya adhana ya alfajiri, kabla ya taarifa ya habari, alipokuwa amerudi kutoka zamu ya usiku.